Albrecht von Graefe: Daktari aliyetufunza kulipima jicho

Mwaka jana, wakati wa likizo ya shule, niliketi kwenye benchi la kliniki moja ya macho hapa Kampala nikiwa na kikaratasi mkononi. Kilikuwa na namba mbili tu: jicho la kulia 18, jicho la kushoto 18. Nilikuwa nimepewa kikaratasi hicho miezi michache kabla, mahali pengine ambapo sitapataja, nikaambiwa presha ya macho yangu ni ya kawaida na niende zangu nyumbani bila wasiwasi. Siku hiyo nilikuwa nimefuata miwani ya kusomea tu. Ukishapita miaka 40, madaftari ya wanafunzi huanza kukukimbia.

Daktari alikisoma kikaratasi, akakiweka kando, akaniuliza habari za wazazi wangu. Nikamwambia kwamba baba yangu ni kipofu. Akataka kujua amepofushwa na nini. Nikajibu kwamba ni glakoma. Hapo akavuta kiti chake karibu, akaniambia kwamba namba ile peke yake haitoshi, na kwamba sitatoka pale bila kupimwa upya, kitu kimoja baada ya kingine.

Vipimo vilichukua karibu saa tatu. Tulipomaliza, nilimuuliza swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila siku: nani aliyeanzisha mambo haya? Akanitajia jina la Mjerumani mmoja aliyekufa zamani, Albrecht von Graefe. Mimi ni mwalimu, na mwalimu akipewa jina halali mpaka alitafute. Haya ndiyo niliyoyapata, ndugu msomaji, na nitakueleza pia kwa nini yananihusu mimi na pengine wewe.

Fundi wa saa

Nianze na baba. Tulikimbilia Kenya mwaka 1986 nikiwa mtoto wa miaka saba, na masomo yangu yote, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, niliyapata huko ukimbizini. Ndiko nilikojifunzia hiki Kiswahili ninachokifundisha leo. Baba, aliyekuwa karani nyumbani Uganda, hakupata kazi ya ofisini. Akajifunza kutengeneza saa, akaweka meza yake ndogo chini ya baraza la duka mjini Kitale.

Alikuwa fundi hodari. Aliweza kuokota kwa koleo skrubu ndogo kuliko punje ya mtama na kuirudisha mahali pake. Lakini akiinuka mezani, alikuwa akigonga bega kwenye nguzo. Akipita sokoni alikanyaga bidhaa zilizotandazwa chini. Watu waliompita ubavuni hakuwasalimu, wakaanza kusema kwamba yule mkimbizi wa Uganda ana maringo. Wengine walisema amelewa, na baba hakuwahi kuonja pombe.

Alikwenda kupimwa macho zaidi ya mara moja. Alisoma herufi za ukutani hadi mstari wa chini, akaguswa presha ya macho mara moja, akaambiwa yuko sawa, akauziwa miwani. Kufikia mwaka 1996 jicho moja lilikuwa limekwisha kabisa. La pili lilimfikisha hadi tuliporudi nyumbani mwaka 2004, kisha nalo likazimika.

Mtoto wa daktari mpasuaji

Albrecht von Graefe alizaliwa Berlin, mji mkuu wa Prussia, tarehe 22 Mei 1828. Baba yake, Carl Ferdinand von Graefe, alikuwa daktari mpasuaji mwenye sifa kubwa Ulaya nzima. Mwaka 1840 mzee huyo aliitwa Hannover kumtibu macho mwana wa mfalme aliyekuwa amepofuka. Alifia huko huko, kabla ya kuifanya kazi aliyoitiwa. Albrecht alikuwa na miaka 12.

Kijana huyo alikuwa na akili kali mno. Alipata udaktari wake Berlin mwaka 1847 akiwa na miaka 19. Kisha akafunga safari ya kutafuta elimu, kama walivyofanya vijana wa tabaka lake siku hizo. Alipofika Prague, mwalimu aitwaye Ferdinand Arlt alimvuta kwenye matibabu ya macho. Akaenda Paris, akaenda Vienna, akamalizia London, ambako alifahamiana na William Bowman na Mholanzi Frans Donders. Urafiki wake na Donders ulidumu maisha yote, na tutaurudia baadaye.

Mwaka 1851, akiwa na miaka 23 tu, alirudi Berlin akafungua kliniki yake ya macho. Maskini aliwatibu bila malipo. Baada ya miaka michache wagonjwa walikuwa wakimjia kutoka nchi mbalimbali, na madaktari vijana nao wakija kumtazama akifanya kazi. Mwaka 1854 alianzisha jarida la kitaalamu la magonjwa ya macho, na tangu mwaka 1857 wenzake wa fani hiyo wakaanza kukutana Heidelberg, yeye akiwa kiini chao.

Dirisha la ndani ya jicho

Ili tuone ukubwa wa kazi yake, tukumbuke hali ilivyokuwa kabla. Neno glakoma ni la Kiyunani cha kale, lakini kwa karne nyingi lilitumiwa ovyo kwa macho mengi yaliyopofuka, ambayo mboni zake zilionekana na rangi ya kijani au kijivu. Nini hasa kilichokuwa kikiharibika ndani, hakuna aliyekiona. Mboni ya mtu aliye hai ilikuwa kama tundu la chumba chenye giza.

Mwaka ule ule wa 1851, mwanasayansi Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa alichokibuni cha kuangaza mwanga ndani ya jicho na kulitazama kwa wakati huo huo. Graefe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukitumia kwa wagonjwa. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuona, nyuma kabisa ya jicho la mtu aliye hai, ile duara ndogo ambapo neva ya jicho hutoka kwenda kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, na kila tunachokiona hupita humo.

Hapa Graefe alikosea, na kosa lake ndilo lililonifanya nimpende. Alipotazama macho ya wagonjwa wa glakoma aliiona ile duara, akaandika mwaka 1854 kwamba imevimba, imetokeza mbele kama kichuguu. Wengine walisema vivyo hivyo. Kwa kutazama kwa jicho moja kupitia kioo, shimo na kichuguu huweza kufanana kabisa. Haukupita muda mrefu, mwanafunzi wake Adolf Weber akagundua jambo kama hilo kwenye jicho la sungura: kilichoonekana kama mwinuko kilikuwa shimo. Heinrich Müller naye, alipochunguza macho ya watu waliokwisha kufa, akathibitisha kwamba duara hilo halikuvimba bali lilikuwa limebonyea kuelekea nyuma. Graefe hakung'ang'ania heshima yake. Alitazama upya, akalisahihisha kosa lake hadharani, ndani ya jarida lake mwenyewe.

Shimo hilo ndilo madaktari wa leo wanaloliita kikombe. Kila mtu ana kikombe kidogo katikati ya duara la neva. Glakoma inapoziua nyuzi, kikombe hupanuka. Daktari hukipima kwa kulinganisha upana wa kikombe na upana wa duara zima. Kama kikombe kinachukua theluthi moja, huandika 0.3. Kikipita 0.6 au 0.7 hushuku. Jicho moja likizidi jingine kwa zaidi ya 0.2, hushuku pia, hata kama namba zenyewe ni ndogo.

Ubao, alama na kidole

Graefe hakuishia kwenye neva. Alijiuliza mgonjwa hupoteza nini hasa anapopoteza kuona. Mwaka 1856 alichapisha njia ya kupima uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huliona likiwa limetulia. Alimketisha mgonjwa mbele ya ubao, akamtaka akazie macho alama ya katikati bila kuyahamisha, kisha akasogeza alama nyingine pembeni na kuandika zilipoonekana na zilipopotea. Kwa namna hiyo akachora ramani ya upofu wa kila mtu. Kwa wagonjwa wa glakoma aliona kwamba sehemu za pembeni huanza kumegeka huku katikati kukibaki salama.

Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Huyo ni baba yangu na nguzo za baraza la Kitale. Skrubu ilikuwa katikati, nguzo ilikuwa pembeni. Herufi za ukutani nazo ziko katikati, ndiyo sababu alizisoma zote na kuambiwa ni mzima.

Kipimo cha tatu ni presha yenyewe. Jicho hutengeneza maji ndani yake na kuyatoa kwa mfereji mwembamba. Maji yakikwama, jicho hukaza. Madaktari wa siku za Graefe walilipapasa kwa ncha za vidole juu ya kope na kukisia ugumu wake, kama mama anavyobonyeza embe sokoni. Graefe hakuridhika na kukisia. Katika miaka ya 1860 alijaribu kubuni chombo cha kuupima ugumu huo, lakini hakikufaa kwa kazi. Hakukuwa na dawa ya ganzi ya kutia jichoni. Hiyo ilipatikana mwaka 1884. Chombo cha kwanza kilichoenea duniani kilitengenezwa na Hjalmar Schiøtz wa Norway mwaka 1905, na kile kinachotumika zaidi leo kilibuniwa na Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, katika miaka ya 1950.

Siku Brussels iliposikiliza

Lililompa Graefe umaarufu mkubwa kuliko yote lilikuwa tiba. Alikuwa ameona kwamba macho aliyoyapasua kwa maradhi mengine, kwa kukata kipande kidogo cha ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, yalilainika baada ya hapo. Akajaribu upasuaji huo kwa wagonjwa wa glakoma ya ghafla, ile inayokuja na maumivu makali, uwekundu na kutapika, na ambayo hadi wakati huo ilimaanisha upofu wa hakika. Wengi wao walibaki na macho yao. Mwaka 1857 alitangaza matokeo hayo, na mwaka huo huo akayaeleza mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho mjini Brussels.

Sababu ya upasuaji huo kufaulu haikueleweka wakati wake. Leo tunajua kwamba tundu lile huyafungulia maji njia katika macho ambayo mfereji wake umezibwa. Ndiyo maana daktari wa leo hupima pia pembe ya jicho, kwa lenzi yenye vioo, ajue kama mlango wa mfereji umefungwa au uko wazi. Kwa bahati mbaya glakoma tuliyonayo zaidi sisi Waafrika ni ile ambayo mlango uko wazi, ya polepole, isiyouma. Kwa hiyo upasuaji wa Graefe hauitibu.

Lakini hata hiyo ya polepole aliiona. Alikutana na watu wenye kikombe kilichopanuka na uwanja wa kuona uliomegeka, na macho yao hayakuwa magumu hata kidogo. Mwanzoni aliwatenga, akauita ugonjwa wao jina jingine, kwani kwake glakoma bila presha haikuwa glakoma. Donders, rafiki yake wa Utrecht, ndiye aliyesisitiza kwamba ni ugonjwa ule ule katika sura ya unyamavu, na Graefe akaja kukubali. Kwa mara nyingine alikubali kurekebishwa.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa glakoma hii si mgonjwa anayeficha. Maradhi yenyewe ndiyo yanayojificha kwake.

Miaka 42

Graefe mwenyewe hakuwa na afya njema. Kuanzia mwaka 1861 kifua kilimsumbua, kisha ikawa kifua kikuu. Mwaka 1862 alimwoa Anna, binti wa ukoo wa makabaila wa Denmark. Mwaka 1866 akawa profesa kamili, na mwaka 1868 akakabidhiwa idara ya macho katika hospitali ya Charité. Aliendelea kupasua na kufundisha huku akidhoofika. Alifariki tarehe 20 Julai 1870, siku moja tu baada ya Ufaransa kutangaza vita dhidi ya Prussia. Alikuwa na miaka 42. Mkewe alimfuata baada ya miaka miwili.

Mwaka 1882 wenzake walimjengea sanamu karibu na Charité, ambayo iko hadi leo. Amesimama na kile kifaa cha kutazamia jicho mkononi. Pembeni zake wamechongwa wagonjwa, upande mmoja wakija, upande mwingine wakiwa wamepona.

Miaka sita baada ya kifo chake, mwaka 1876, daktari Ludwig Laqueur, ambaye mwenyewe aliugua glakoma, alieleza dawa ya kwanza ya matone ya kushusha presha ya jicho. Dawa hiyo ilitoka kwenye mbegu ya Calabar, katika nchi tunayoiita leo Nigeria. Afrika ilichangia mapema, ingawa sisi tulichelewa kufaidi. Graefe alipokufa, hapa Buganda alitawala Kabaka Mutesa wa Kwanza, na hospitali ya kwanza ya namna hii, ile ya Albert Cook huko Mengo, kwenye kilima cha Namirembe, ilikuja mwaka 1897.

Namba zangu

Sasa nirudi kwenye kliniki. Muuguzi alinitia tone la ganzi na tone jingine la rangi ya manjano. Daktari akawasha taa ya buluu, akaleta kile chombo cha Goldmann hadi kikagusa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Sikuhisi kitu. Ikasoma 19 na 20, kwa milimita za zebaki. Kawaida ni kati ya 10 na 21, kwa hiyo bado nilikuwa ndani ya mpaka, nikaanza kutabasamu.

Kisha akapima unene wa konea. Watu wengi huwa na takriban mikroni 540. Yangu ilikuwa 490. Akanieleza kwamba chombo hupima kwa kuibonyeza konea, na konea nyembamba hubonyea kirahisi, hivyo chombo huonyesha presha ndogo kuliko ilivyo. Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika huwa na konea nyembamba kidogo. Tena presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Kuipima mara moja ni sawa na kuchungulia darasa mara moja na kusema watoto wametulia.

Akaangalia neva. Kikombe cha kulia 0.5, cha kushoto 0.8. Mwisho nikaingiza uso kwenye mashine yenye umbo la bakuli, nikakazia macho nukta ya katikati, nikabonyeza kitufe kila nilipoona kimwanga. Nilidhani nimeviona vyote. Karatasi ilipotoka, ramani ya jicho la kushoto ilikuwa na upinde mweusi upande wa juu, karibu na pua. Vimwanga vilikuwa vimewaka pale, kimoja baada ya kingine, na mimi nimekaa kimya.

Kwa hiyo ninayo glakoma. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzifufua nyuzi za neva. Lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, na kwangu kimebaki kingi. Ninatia tone moja kila jicho kila usiku saa tatu, na kila baada ya miezi michache narudi kupimwa, ili namba za leo zilinganishwe na za jana. Na wale walionipa namba 18 hawakunidanganya. Walipima kitu kimoja, wakaishia hapo.

Ndugu msomaji, glakoma ndiyo inayoongoza duniani kati ya magonjwa yanayoleta upofu usiorudishika. Kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja anayo, hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako. Ukienda kupimwa, usiridhike na presha pekee, wala na kusoma herufi za ukutani. Uliza kama wametazama neva. Uliza kikombe ni kiasi gani kwa kila jicho. Uliza kama unahitaji kupimwa uwanja wa kuona na unene wa konea. Namba hizo ziandike na uzitunze kama unavyotunza cheti cha shule.

Nilipomsimulia baba habari za Graefe, alisikiliza akiwa amekaa barazani, mikono juu ya fimbo yake. Habari ya kichuguu kilichokuwa shimo ilimfurahisha sana, akataka niirudie. Kisha akauliza kama mdogo wangu ameshakwenda kupimwa. Nikamwambia anasema haumwi kitu, anaona vizuri, na kazi ni nyingi. Baba akanyamaza kidogo, akaniomba nimpigie simu hapo hapo, nimpe yeye azungumze naye.

Jumamosi ifuatayo tulipanda teksi watatu, baba akikaa katikati yetu. Alikataa kubaki nyumbani. Alisema anataka kuwa pale mdogo wangu atakaposomewa namba zake.